Aliyetuuliza Tuko Ngapi

Kutoka Kindu hadi Likasi nilitumia siku kumi na moja, ingawa kwenye ramani ya shuleni safari ile haikuzidi urefu wa kidole changu. Gari-moshi lilikwenda kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo: linasonga, linasimama, linarudi nyuma kidogo, linasonga tena. Kongolo tulilala siku mbili tukingoja kichwa kingine cha kutuvuta. Kabalo mama mmoja alinigawia samaki mkavu, akaniuliza ninakimbia nini. Nikamwambia sikimbii, ninakwenda tu. Akacheka. "Njo vile banasemaka bote," ndivyo wasemavyo wote. Baada ya Kamina miti ilifupika, udongo ukawa mwekundu, na vichuguu virefu kuliko watu vilisimama kando ya reli kama abiria walioachwa. Nilivitazama mpaka usingizi ukanichukua, na hata ndotoni viliendelea kupita.

Niliteremka Likasi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, saa ile ambayo hata mbwa hawavuki barabara. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha sekondari ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya wiki moja nilipata kazi mtaa wa Panda, kwenye kiwanda kimoja cha kuyeyusha shaba, katika kikosi cha mafundi wanaojenga upya matofali ya tanuru yanapoliwa na moto. Mtu wa kwanza kunisemesha mle ndani hakuniuliza jina wala kabila. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta ya sufu ya rangi ya kahawia, sweta ndani ya joto lile, na alishika daftari na penseli.

"Moja ni baridi ya kutetemesha," aliniambia. "Saba ni moto ya kuua. Ine, pale katikati, ni sawa. Weye uko ngapi?"

Ine kwao ni nne. Nilidhani ni mgonjwa wa akili. Nikamjibu sita ili aondoke. Akaandika sita, akanishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono miwili, kama vile nimempa kitu.

Tulimwita Mupimaji. Kazi yake kiwandani ilikuwa kupima joto wanalolibeba watu. Si joto la shaba iliyoyeyuka; hilo lilikuwa na mabwana wake, wenye miwani na vyombo vyao. Yeye alikuwa na kigoda cha miguu mitatu chenye mirija mitatu ya zebaki. Mrija wa kwanza ulikuwa mtupu, ukipima hewa. Wa pili alikuwa ameuvika soksi ndogo ya pamba, aliyoikata kutoka fulana kuukuu, na ncha ya soksi ilizama katika glasi ya maji safi, yale maji yanayotiwa kwenye betri za magari. Wa tatu aliuingiza ndani ya tufe la shaba lililopakwa masizi, ili uonje ukali wa moto unaotoka tanuruni. Alichanganya namba za mirija yote kwa hesabu yake ya penseli, na ikivuka mstari fulani, alitundika taulo nyekundu kwenye msumari wa mlango mkubwa. Taulo ikiwa juu, kila saa wafanyakazi wa tanuru walipumzika robo saa chini ya kibanda cha nje, kando ya pipa la maji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na kwa watu wa tanuru taulo ile iliheshimiwa kuliko bendera.

"Huyu mwenye soksi njo muntu," alipenda kutufundisha, akigusa mrija wa pili kwa ukucha. "Anatoka jasho sawa weye. Mayi inakauka, yeye anapoa. Siku hewa inajaa mayi, jasho yake haikauki, na yako pia haikauki. Pale njo bantu banaanguka."

Lakini baada ya kusoma mirija, siku zote alitugeukia sisi. Uko ngapi? Aliandika jibu la kila mmoja kando ya namba za zebaki, katika safu yake. Kapita wetu, msimamizi wa kikosi, jitu la kifua kipana lililocheka hata likiwa peke yake, lilimuuliza siku moja sababu gani anahangaika na midomo yetu wakati vyombo vimekwisha sema.

"Vyombo haina bibi, haina homa, haikulala vibaya," alisema Mupimaji. "Muntu asipoulizwa, namba ni bubu."

Swali lake lilitoka kiwandani likatembea Panda yote. Wanawake waliuziana munkoyo, kinywaji cha mahindi, sokoni wakiulizana, "Mama, leo uko ngapi?" Kwenye harusi moja ya parokiani, bwana arusi alipoulizwa hivyo mbele ya padri, alipiga kelele "Saba!" na kanisa zima likacheka mpaka harmoniamu ikanyamaza. Mupimaji hakucheka. Alitoa daftari mfukoni akaandika.

Ilikuwa miaka ambayo watu hawakuulizwa sana wanasikiaje. Tulikuwa tunaambiwa. Asubuhi tulicheza na kuimba kwa ajili ya chama kabla ya kazi, na wote tulikuwa na furaha kwa amri. Siku moja tulipangwa barabarani tangu alfajiri kumngoja mkubwa kutoka Kinshasa, na kufikia saa sita jua lilikuwa limetukalia mabegani. Wanafunzi walianza kuanguka mmoja mmoja, taratibu, kama nguo zinazoteleza kutoka kwenye kamba. Mupimaji alipita katika safu akiuliza na kuandika. Kijana wa chama, aliyefungwa hadi shingoni katika abakosi nyeusi, lile koti la chama lisilovaliwa tai, alimnyang'anya daftari.

"Citoyen, ni kura gani hii?" Citoyen, raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana.

"Ni kura ya joto, citoyen."

"Na bote banasema saba? Banamukataa nani?"

"Banakataa jua. Na weye, citoyen, uko ngapi?"

Kijana alitazama nyuma, akatazama kushoto. Jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni mwa abakosi yake. "Ine," alisema. "Niko ine."

Mupimaji alilichukua tena daftari lake, akaandika ine, kwa uaminifu kabisa, na kando yake akaongeza maneno mawili: *hana ruhusa*. Aliponionyesha baadaye, ndipo nilipoanza kumpenda.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alijua joto kuliko yeyote, na kila siku alivaa sweta. Wengine walisema alifanya kazi mbele ya tanuru miaka mingi mpaka damu yake ikasahau hali ya kawaida. Wengine walisema rafiki yake wa ujana alianguka ubavuni mwake pale pale mbele ya moto, na kwenye karatasi pakaandikwa malaria, na tangu siku hiyo yeye husikia ubaridi. Sikumwuliza. Alichukia uvivu, lakini maisha yake yote aliyatumia kutafutia wengine mapumziko. Alituuliza maelfu ya mara tuko ngapi, naye hakuna aliyewahi kumwuliza. Hata sisi hatukuliona jambo hilo. Mtu anayeshika taa haonekani vizuri.

Nyumbani kwake, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, alikuwa na mirija mingine miwili ndani ya kisanduku cha mbao uani, na rundo la madaftari ya miaka mingi. Jumapili baada ya misa nilizoea kwenda kwake kula ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, kisha tulikaa kivulini naye ananisomea kurasa za zamani kama mtu mwingine anavyosoma barua. Mwezi wa kumi wa miaka ile, asubuhi saa tatu: ine. Mwezi wa kumi wa mwaka huu, saa ile ile: sita. Alijua tarehe ambayo mvua ya kwanza iligusa bati lake kila mwaka, na alinionyesha jinsi tarehe hiyo ilivyokuwa ikisogea mbele mwaka baada ya mwaka, kama mgeni anayezidi kuchelewa.

"Zamani upepo ya kutoka Kakanda ilipita ndani ya pori, inafika hapa imenawa uso," alisema. "Sasa pori yote imekuwa makala ya jiko. Upepo inakuja na vumbi yake na moto yake. Ine inaamka mapema kuliko mama ya mikate, na ukitoka nje imekwisha enda."

Tulikaa tukiisikiliza ine ikiondoka. Nakumbuka hivyo: bati likikohoa juu yetu, nyuki juu ya beseni la maji, na yeye ndani ya sweta yake, macho nusu yamefungwa.

Sasa nifike kwenye chumvi.

Kila asubuhi, mlangoni mwa tanuru, tulipewa vidonge vya chumvi, kwa sababu mtu anayetoka jasho kutwa humaliza chumvi ya mwilini. Jumatatu moja ya mwezi wa kumi kapita alimeza vyake, akakitazama kigoda cha Mupimaji kikiwa peke yake pale kando. "Na ule mwenzetu mwenye soksi?" alisema. "Anatoka jasho tangu asubuhi paka magaribi. Yeye hapewe munyu?"

Wote tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nimesikia mafundisho ya Mupimaji mara nyingi, na katika kichwa changu cha miaka ile jambo lilionekana la haki. Kama mrija ule ulikuwa mtu, basi ulistahili posho ya mtu. Nilidondosha kidonge kimoja ndani ya glasi, nikakitazama kikiyeyuka. Kesho yake nikatia kingine. Siku tano nilimlisha mwenzetu, bila nia mbaya, karibu kwa upendo.

Nani angeniambia kwamba soksi yenye chumvi hushika maji yake na kukataa kuyaachia hewani? Soksi isiyokauka haipozi, na mrija wake husema kuna joto kuliko lililopo. Namba zilipanda. Mwezi wa kumi ulikuwa unapanda pia, kwa hiyo Mupimaji aliziamini. Taulo nyekundu ilitundikwa asubuhi mapema na haikushuka mpaka jioni, wiki nzima. Tulipumzika kama maaskofu.

Jumamosi shefu, mkuu wa sehemu yetu, alikuja na kigoda kingine kutoka maabara. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyedaiwa tani na wakubwa wake, na usoni alionekana kama asiyelala. Akaviweka vigoda viwili bega kwa bega mbele yetu sote. Kipya kilisema joto liko chini ya mstari. Cha Mupimaji kilisema liko juu. Mupimaji aliinama, akaishika soksi kwa vidole viwili. Ilikuwa imekakamaa, ina ukoko mweupe. Aliweka kidole ulimini. Kisha akainua macho akatutazama mmoja mmoja, na yalipofika kwangu yalisimama.

"Kwa hiyo," alisema shefu, "tumepumzisha bantu wiki nzima juu ya uwongo."

Nilifungua mdomo. Mupimaji alitangulia. "Ni kosa ya mupimaji, shefu. Soksi ilipaswa kubadilishwa. Andika jina yangu."

Nilimkuta nje, kando ya pipa la maji. Nilimwambia ni mimi, na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimupa munyu," alisema.

"Ndiyo, muzee."

"Juu ya jasho yake."

"Ndiyo, muzee."

Alicheka kidogo, kicheko kilichogeuka kikohozi. "Nilikufundisha nusu. Nusu ya elimu ni moto ya nyumba. Sasa nyamaza. Ukisema, weye watakufukuza. Minye watanihamisha tu. Lakini sikia: si minye niliyepoteza kitu leo. Ni ile taulo. Kesho nikisema moto iko, nani ataamini?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Taulo iliondolewa. Mupimaji alipelekwa ghala la posho, kupima unga wa mahindi wa wafanyakazi kwenye mizani kubwa ya magunia. Tanuru likaendelea bila kigoda, bila mtu wa kutuuliza lolote. Wiki ya pili ya hali hiyo, hewa ikiwa nzito kwa mvua iliyokataa kunyesha, kapita aliacha kucheka. Niliona anaifikiria koleo mkononi mwake kama asiyejua ni kitu gani. Nikaona ngozi yake imekauka kabisa, haina hata tone. Halafu akapiga magoti, pole pole, kama mtu aingiaye kanisani, na akalala.

Alipona, lakini hakurudi mbele ya moto tena. Kwenye karatasi yake iliandikwa malaria. Usiku na mchana nilikuwa nakiona kile kidonge kikiyeyuka katika glasi.

Nilimkimbilia Mupimaji ghalani. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, ameshapata habari, anaitazama mizani.

"Mirija wameikataa," alisema. "Lakini mizani hii, hata shefu anaiamini. Unga ya bibi yake inapimwa hapa."

Ghala lilikuwa njiani kati ya lango na tanuru. Tangu kesho yake, kila mtu wa tanuru alipita pale asubuhi akasimama juu ya mizani kama gunia, na akapita tena alipotoka. Kila tulichokunywa kutwa tulikihesabu kwa chupa, na Mupimaji alikiingiza katika hesabu yake. Kapita mwenyewe, bado amedhoofika, alikuja kukaa mlangoni kutupigia kelele. "Panda, gunia! Telemuka, gunia!" Watu walitoka tanuruni wamepungua kilo mbili, wengine tatu, katika siku moja. "Andika vizuri, muzee," alisema mmoja, "bibi yangu atauliza nyama yake imeenda wapi." Na kila mmoja, akiwa bado juu ya mizani, aliulizwa lile swali. Safu mbili zilijazwa tena: kilo zilizopotea, na neno la mwenye kuzipoteza.

Shefu alipokuja kusimamisha mchezo ule, Mupimaji hakubishana naye. Alimvulia kofia.

"Shefu, juzi ulisema kipimo yangu inadanganya, na ilikuwa kweli. Leo sitaki uamini kipimo yangu. Panda hapa. Kisha enda usimame pale bantu banasimamaka, kisha urudi."

Nadhani ni watu waliokuwa wanatazama waliomfanya akubali. Alipanda mizani na viatu vyake vizuri. Akaingia. Tulihesabu dakika. Tulimwona ameshika koleo, mwanzo kwa maonyesho, halafu kwa kweli. Aliporudi shati lilikuwa limegeuka rangi, naye aliushika mlango kabla ya kupanda. Mupimaji hakusoma mizani kwa sauti. Alingoja.

"Shefu, uko ngapi?"

Shefu alifuta uso. Nilimkumbuka yule kijana wa chama katika abakosi yake, na nikadhani nitasikia ine.

"Saba," alisema shefu.

Akatoka. Jioni ile taulo nyekundu ilirudi msumarini, na kesho yake kigoda kilirudi mahali pake na Mupimaji nyuma yake. Glasi ya maji alikuwa ameifunika kwa kifuniko cha bati chenye tundu moja tu, la kupitishia soksi. Aliponiona nakitazama kifuniko alisema, "Si juu yako. Ni juu ya nzi." Tulijua wote wawili kwamba nzi hawapendi tanuru.

Nilikaa Likasi miaka kumi na mbili, miaka mingi kuliko niliyokaa mji wowote tangu nizaliwe, na sehemu kubwa ni kwa sababu yake. Lakini mambo yalichakaa. Vipuri havikuja, tanuru likawashwa wiki hii likazimwa wiki ile, kisha halikuwashwa tena. Tuliambiwa tuendelee kuja kutia sahihi. Tulitia sahihi, tukakaa, tukaenda nyumbani. Kapita alikufa katika miaka hiyo, kitandani mwake, akimsimulia mkewe mzaha. Na miguu yangu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imetulia, ilianza tena kuota barabara.

Siku niliyoondoka ilikuwa ya mwezi wa kumi kama ile niliyofika. Niliacha mfuko wangu kituoni kwa mtu ninayemfahamu nikaenda Panda kumuaga. Ukumbi wa tanuru ulikuwa kimya. Mbayuwayu walikuwa wamejenga ndani ya mdomo wa moto. Mwanga ulishuka kupitia matundu ya bati, ukasimama sakafuni kama nguzo za kanisa lisilo na watu. Katikati yake, mbele ya tanuru lililokufa, kilikuwepo kigoda chenye mirija mitatu, soksi safi, glasi imejaa. Na yeye, katika sweta ile ile, sasa viwiko vimetoboka, anasoma.

"Unakwenda," alisema.

"Ndiyo, muzee."

"Uko ngapi?"

Shati lilikuwa limeninata mgongoni. "Sita."

Akaandika. Daftari lilikuwa na safu ile ile, na katika kurasa nyingi za mwisho safu ya majibu ilikuwa tupu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuliza. Nilisimama nikiangalia nafasi zile nyeupe. Sijui kwa nini ilinichukua miaka kumi na mbili. Nilinyoosha mkono nikachukua penseli katika vidole vyake.

"Na weye, muzee? Weye uko ngapi?"

Aliigeukia mirija, kama jibu lake lilikuwa mle ndani. Kisha akalitazama tanuru. Mbayuwayu mmoja aliingia, akatoka.

"Moja," alisema.

"Lakini mirija inasema..."

"Mirija inasema yake. Weye uliniuliza minye."

Niliandika moja, na kando yake nikaandika *Mupimaji*. "Basi pumzika, muzee," nilimwambia.

"Taulo ni ya moto," alijibu. "Kwa baridi hatukuwekaka sheria."

Tulishikana mikono, yake miwili na yangu miwili. Nikaondoka haraka kwa sababu mimi ni mtu wa kuondoka haraka.

Gari-moshi lilichelewa, kama ilivyo desturi yake, na lilipoanza kusonga lilikwenda taratibu sana, likipita nyuma ya kiwanda, karibu kiasi kwamba niliweza kuhesabu madirisha yaliyovunjika. Nilisimama dirishani. Bomba la moshi halikuwa na moshi. Mlango mkubwa wa tanuru ulikuwa wazi, na ndani giza. Kwenye msumari, ikiwa imekunjuliwa vizuri, pembe zake zikichezacheza kwa upepo wa moto kutoka Kakanda, ilining'inia taulo nyekundu. Chini ya kibanda, kando ya pipa, mtu mmoja wa sweta ya kahawia alikuwa ameketi.